Shabaha ni ya Nani?

Katika lugha yetu neno shabaha hubeba mizigo miwili. Shabaha ni kile kitu kilichosimamishwa mbele ya mlengaji ili akipige. Na shabaha vilevile ni nia ya mtu, lile alilolikusudia moyoni kabla hajanyanyua mkono. Kwa miaka yote niliyofundisha walimu sikuona taabu yoyote katika jambo hilo. Lakini tangu nistaafu na kurudi kwetu Iyula, ambako siku hizi kazi yangu kubwa ni kupogoa mibuni na kubishana na wazee wenzangu, nimetambua kwamba katikati ya maana hizo mbili kuna swali limejibanza. Mtu akipiga kilichosimamishwa mbele yake kwa chombo kilichotengenezwa na wengine, tena chombo ambacho ni shida kukosa nacho, sifa ni ya nani? Ni ya nia yake, ya mkono wake, au ya chombo?

Msomaji asidhani nacheza. Mtu aliyekula mshahara wa serikali zaidi ya miaka 30 kwa kazi ya kuwapa binadamu wenzake alama, huyu amefaulu na yule hakufaulu, hawezi kulikwepa swali hili hata akitaka. Ila nitalieleza kwanza kwa mfano ulio mbali kidogo na darasa, yaani mchezo wa kulenga shabaha za mbali, na zile bunduki zinazotengenezwa viwandani mahsusi kwa mchezo huo.

Mfano huo nililetewa nyumbani. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anaishi Texas huko Marekani, na mwisho wa juma huucheza mchezo huo kama vijana wetu wanavyocheza mpira. Alipokuja likizo alinionyesha picha ya bunduki yake pamoja na karatasi ya shabaha aliyokuwa ameihifadhi ndani ya kitabu isikunjike. Matundu 5 ya risasi zilizopigwa kutoka yadi 100 yalikuwa yamekaribiana hivi kwamba kizibo cha soda kingeyafunika yote. Alikuwapo mzee mmoja jirani yangu, mwindaji wa zamani. Aliishika ile karatasi, akaielekeza juani, matundu yakang'aa. Kisha akairudisha taratibu.

“Bwana mdogo,” akasema, “hapa bunduki ndiyo iliyopiga. Wewe uliisindikiza tu.”

Watu walicheka, na mpwa wangu naye akacheka, lakini mimi nilijua kwamba mzee hatanii. Yeye alikulia kwenye gobore. Wanyiha walikuwa wakiyeyusha chuma chao wenyewe kwenye matanuri ya udongo kabla majembe ya Ulaya hayajaenea huku, na ufundi ule ulipokufa, mikono haikufa. Wahunzi waliendelea na vyuma chakavu. Mtutu wa gobore mara nyingi ni bomba tu, kitako ni mti uliochongwa kwa tezo, na bunduki nzima hushindiliwa kwa mdomoni: baruti kwanza, kisha kitambaa au nyuzi za katani, kisha goroli au vipande vya chuma. Hakuna gobore mbili zinazofanana. Moja hupeleka kushoto, nyingine hupandisha, na nyingine humpiga teke mwenyewe begani kwa nguvu kuliko inavyompiga mnyama. Mwindaji huijua gobore yake kama mkulima anavyomjua ng'ombe wake wa jembe, yupi mvivu na yupi hukanyaga tuta. Mzee yule aliisalimisha yake serikalini zamani, watu walipohimizwa kusalimisha silaha zisizo na vibali, na hata leo huizungumzia kama mtu anayemzungumzia marehemu. Kwake yeye kupiga maana yake ni kumshinda mnyama na kuishinda bunduki kwa wakati mmoja. Bunduki isiyohitaji kushindwa aliiona kama mchezo wa karata ambao umekwisha kuonyeshwa za mwenzako.

Sasa tuitazame hiyo bunduki ya mpwa wangu bila husuda. Ndani ya mtutu wake mna mifereji iliyochongwa kwa kuzunguka, mzunguko mmoja kwa kila inchi 8, ili risasi itoke ikizunguka kama pia na kwa hiyo isipepesuke njiani. Mtutu ni mnene, haupindi upesi kwa joto. Kifyatulio kinaweza kulegezwa hadi kikubali mguso mwepesi wa kidole, na kitako hurefushwa au kufupishwa kulingana na mkono wa mpigaji. Zamani mshindani aliyetaka chombo cha namna hiyo alinunua sehemu moja hapa na nyingine pale, akazipeleka kwa fundi bingwa, akasubiri miezi. Siku hizi mashine zinazoongozwa na kompyuta huchonga vyuma kwa usahihi usiochoka, na viwanda huuza bunduki iliyo tayari kwa mashindano ikiwa ndani ya boksi. Kampuni ya Savage ya Marekani ina toleo lililokusudiwa kabisa kwa mashindano ya yadi 1,000. Ruger ilitoa ya kwake mwaka 2015. Mtu huilipia dukani, huiwekea darubini, na baada ya siku chache anakaribia usahihi ambao baba yake angeutafuta nusu ya maisha.

Kwa hiyo hoja ya mzee si ya kupuuzwa, na historia inayo ushahidi unaomwunga mkono kuliko alivyojua mwenyewe. Tarehe 2 Julai 1860, katika uwanda wa Wimbledon karibu na London, Chama cha Taifa cha Bunduki cha Uingereza kilifungua mashindano yake ya kwanza, na Malkia Victoria ndiye aliyealikwa kupiga risasi ya ufunguzi. Mhandisi Joseph Whitworth, yule ambaye mwaka 1841 aliwashauri Waingereza waache kila karakana kuchonga skrubu zake na wafuate kipimo kimoja, alikuwa ameifunga bunduki aliyoiunda yeye juu ya kiegemeo cha chuma, akailenga, akaikaza. Kwenye kifyatulio ilifungwa kamba ya hariri. Malkia aliivuta. Risasi ilikwenda yadi 400 ikapiga inchi moja na robo tu kutoka katikati kabisa ya shabaha. Nani alipiga? Malkia hakulenga wala hakuishika bunduki. Whitworth alilenga lakini hakufyatua. Hapo kweli bunduki ndiyo iliyopiga, na binadamu wote wawili waliisindikiza. Na jambo la kuchekesha ni kwamba tuzo kubwa ya mashindano hayo ilipewa jina la yule aliyevuta kamba: iliitwa Tuzo ya Malkia, na bado inashindaniwa kila mwaka, tangu 1890 katika uwanja wa Bisley, ingawa baada ya kifo cha Malkia Elizabeth mwaka 2022 sasa ni Tuzo ya Mfalme.

Lakini ushahidi mmoja haumalizi kesi. Risasi za bunduki ya mpwa wangu zinaitwa Creedmoor, na nilipomwuliza maana ya jina hilo akaniambia ni jina la uwanja. Nikaufuatilia. Creedmoor ulikuwa uwanja wa shabaha huko Long Island, karibu na New York, na tarehe 26 Septemba 1874 palifanyika pale shindano ambalo, kama lingebuniwa na mtunzi wa hadithi, ningemwambia amezidisha chumvi. Timu ya Ireland, iliyokuwa imewashinda Waingereza na Waskoti mwaka uliotangulia, iliwaendea Wamarekani waliokuwa wanafunzi katika mchezo huo. Watu 6 kwa 6. Umbali wa yadi 800, 900 na 1,000. Waireland walishika bunduki za fundi Rigby wa Dublin, kazi nzuri ya mikono, zikishindiliwa kwa mdomoni. Nisamehewe nikisema zilikuwa magobore ya mabwana wakubwa. Wamarekani walishika bunduki mpya za kutilia risasi kwa nyuma, ambazo viwanda viwili, Remington na Sharps, vilikuwa vimezitengeneza kwa ajili ya shindano lile. Kwa ufupi, fundi mmoja anayejulikana kwa jina alishindana na kiwanda.

Matokeo yakawa 934 kwa 931. Wamarekani walishinda kwa pointi 3. Hapo ungeweza kusema kiwanda kimeshinda, na bila shaka wenye viwanda walisema hivyo. Lakini tazama pointi zenyewe zilivyopatikana. Mmoja wa Waireland, bwana Milner, alipiga katikati kabisa, risasi ya pointi 4, ila aliipiga shabaha ya jirani badala ya yake, ikahesabiwa sifuri. Ingehesabiwa, Ireland ingekuwa na 935. Na kwa upande wa pili, Mmarekani wa mwisho, Kanali Bodine, alikuwa amekatwa mkononi dakika chache kabla, chupa ya kinywaji cha tangawizi ilipompasukia. Timu yake ilikuwa nyuma kwa pointi moja. Alifunga kiganja kwa leso, akalala chini, akapiga katikati. Chuma cha Ilion na chuma cha Dublin vilikuwa vimekaribiana mno kwa uzuri, basi kilichobaki kuamua ni jicho lililosahau namba na mkono uliokuwa ukitoka damu.

Hapo ndipo nilipoanza kumpinga jirani yangu, ingawa sikuwa bado na maneno. Maneno niliyapata kwa kukumbuka jambo la ujana. Mwaka 1972, kama vijana wote wa rika langu waliomaliza kidato cha 6, nilikuwa kuruta, na siku moja tulipelekwa renji. Tulipewa bunduki kuukuu zilizopita katika mikono ya makuruta wengi. Mwenzetu mmoja alikosa risasi zake zote, akamwambia afande kwamba bunduki ile ni mbovu. Afande hakumtukana, jambo ambalo lilitushangaza. Alilala chini, akaichukua bunduki ileile, akapiga 5, na zote zikaingia ndani ya duara. Akamrudishia bila kusema neno. Tulicheka sana, maana mbaazi akikosa maua husingizia jua. Lakini kuruta wa pili naye alilalamika, na kicheko kilikuwa bado hakijaisha. Afande akalala tena na bunduki ya huyo wa pili. Akapiga 5. Hakuna hata moja iliyoonekana kwenye karatasi. Akaitazama ile bunduki, akaugeuza mtutu, akaamuru itolewe. “Huyu hana kosa,” alisema. “Au analo, ila hatuwezi kulijua kwa bunduki hii.”

Sentensi hiyo ya mwisho imekaa nami zaidi ya miaka 50. Bunduki mbovu haimfanyi mpigaji kuwa hodari wala mzembe, inamficha. Hodari na mzembe wakiishika watakosa sawasawa, na kila mmoja ataondoka na maelezo yake. Kinyume cha mambo jinsi mzee alivyoyaona, chombo kizuri hakimwondoi mtu katika tendo. Kinaondoa visingizio vyake kimoja baada ya kingine mpaka abaki yeye peke yake.

Na anabaki na kazi gani? Yadi 1,000 ni mita 914, viwanja 9 vya mpira vikipangwa kwa urefu. Risasi ya mpwa wangu huchukua takribani sekunde moja na nusu kufika, na njiani hushuka zaidi ya mita 7, hesabu ambayo darubini na vitabu vya majedwali vinaweza kuimaliza. Lakini upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa, upepo wa kawaida tu wa mchana hapa Mbozi wakati wa kiangazi, huisukuma kando karibu mita 2. Upepo huo haupo mahali pamoja. Kwa mpigaji unaweza kuvuma kulia, katikati ukatulia kwa sababu ya bonde, na huko kwenye shabaha ukageuka. Bendera huwekwa, mvuke wa joto unaocheza juu ya ardhi hutazamwa kwa darubini, majani husomwa. Baadaye mtu lazima akate shauri mwenyewe, abane pumzi, na akubali. Kiwanda hakijatengeneza chuma kinachokata shauri. Niliyaeleza haya mbele ya mzee, naye akachangamka, kwa kuwa upepo anaujua. Alitueleza jinsi alivyokuwa akibeba majivu kwenye kitambaa na kuyadondosha kidogo kidogo ili aone yanakokwenda. Kisha akamwuliza kijana, “Na hao wenzako wenye bunduki za kisasa, wakikosa husema nini?”

“Husema upepo, babu,” mpwa wangu akajibu, na mzee akacheka hadi akakohoa.

Kuna njia nyingine ya kulijibu swali letu, nayo hupendwa na wanasheria. Watasema hivi: ukitaka kumpa chombo sifa, basi mpe na lawama. Mtu akiuawa kwa bunduki, mahakama ya Vwawa haimfungi mtutu. Na mfano wa kutisha upo palepale tulipoanzia. Malkia alivuta kamba ya hariri mwaka 1860. Kabla miaka 5 haijapita, bunduki za Whitworth zilikuwa mikononi mwa wadunguaji wa majimbo ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, zikiwaua maofisa kutoka umbali ambao hawakudhani risasi ingefika. Bunduki ni ileile, usahihi ni uleule, na tofauti kati ya karatasi na kifua cha mtu iko kwenye ile maana ya pili ya shabaha. Kwa hiyo, husema wanasheria, sifa na lawama zote ni za mwenye nia.

Hoja hii ni nzuri lakini ninaiona ina kilema. Sifa na lawama si mapacha. Anayeua kwa chombo chepesi hana hatia pungufu kwa sababu ya wepesi huo. Pengine ana zaidi. Lakini anayefanya jambo jema la ustadi kwa chombo chepesi, kweli sifa yake hupungua, kwani sifa ya ustadi hulipwa kwa ugumu. Mtu aliyepanda mlima kwa gari hatumpongezi kama aliyepanda kwa miguu, ingawa wote wamefika. Basi mahakama haiwezi kutusaidia hapa. Inatubidi tuulize kila mara: chombo hiki kimeondoa ugumu gani, na kimebakiza upi?

Wakenya na dunia nzima walilijadili hilo mwaka 2019, Eliud Kipchoge alipokimbia umbali wa marathoni huko Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, akiwa amevaa viatu ambavyo havikuwa vimeingia madukani na akizungukwa na wakimbiaji wa kumkinga upepo. Wapo waliosema ni viatu. Mwaka 2020 shirikisho la riadha la dunia liliweka mpaka: soli isizidi milimita 40 katika mbio za barabarani, na kiatu cha mashindano kiwe kimeuzwa hadharani ili wengine nao waweze kukipata. Wakubwa wale hawakudai watu warudi kukimbia peku kama Abebe Bikila wa Ethiopia alivyoshinda Roma mwaka 1960. Na hata Bikila mwenyewe alipovaa viatu na kushinda tena Tokyo mwaka 1964, hakuna aliyesema viatu ndivyo vilivyoshinda. Walichodai ni kwamba chombo kiwe cha dukani.

Jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Sisi wazee tumezoea kukiheshimu kilichotengenezwa kwa mkono na kukidharau cha kiwandani, na kwa kinu au kigoda sibishi. Lakini katika mashindano, kitu kilichotengenezwa na fundi bingwa ni cha yule anayemjua fundi na kumudu kumsubiri. Cha kiwandani namba 1 kinafanana na namba 1,000. Ndiyo maana huko Marekani michezo ya bunduki za mbali imeweka daraja maalumu la bunduki za kiwandani, zisizozidi bei fulani na zisizobadilishwa ovyo, ili watu wapimane wao badala ya kupimana mifuko. Na katika shindano la kimataifa la Palma, lililoanza palepale Creedmoor mwaka 1876, zimekuwapo nyakati ambapo nchi mwenyeji iligawa bunduki na risasi za aina moja kwa timu zote. Naona huo ulikuwa uamuzi wa busara kuliko hotuba nyingi nilizowahi kusikia kuhusu usawa.

Nisiseme kama kwamba kila kitu kimenyooka. Bunduki hiyo ya kiwandani inayosawazisha watu inauzwa zaidi ya dola 1,000, darubini yake inaweza kuizidi bei, na risasi moja nzuri hupita dola 1. Usawa unaanzia baada ya mlango, na mlango wenyewe una kiingilio. Kijana wa Iyula mwenye jicho kali kuliko mpwa wangu hatajulikana kamwe, na sheria zetu kali za silaha, ambazo naziunga mkono kwa mikono miwili, zitahakikisha hajulikani. Kenya imewahi kupeleka walenga shabaha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, lakini mchezo huo nao uliondolewa katika michezo ya Birmingham ya mwaka 2022. Silii sana juu ya hilo. Ninachosema ni kwamba chombo cha haki kinachopatikana kwa wachache kinahukumu wachache tu kwa haki, na waliobaki wanaendelea kuhukumiwa kwa gobore.

Mzee alikuwa na swali moja zaidi, ambalo nalitaja kwa kuwa lilinifurahisha. Aliuliza bunduki ile ina uzito gani. Mpwa wangu akamweleza kwamba katika mashindano ya daraja liitwalo F, lililoanzishwa na Mkanada mmoja, Farquharson, ambaye uzee ulimzidi macho lakini hakutaka kuacha mchezo, bunduki na darubini yake huruhusiwa kufika kilo 8 na robo, na katika tawi lake jingine kilo 10. Mzee akashika kichwa. Kilo 10 utaibeba wapi porini? Mnyama atakungoja? Haifai kwa mawindo na haifai kwa kulinda shamba. Chombo cha thamani yote hiyo kimetengenezwa ili kimwambie mtu amepiga au amekosa, basi. Yeye aliona ni upuuzi. Mimi niliona ni chombo cha mtihani, na mitihani ndiyo iliyonilisha.

Na sasa niseme kwa nini sentensi ya afande haijaniacha. Mwaka 1986, katika chuo nilichokuwa mkuu wake, wanachuo walikwenda mazoezi ya kufundisha kama kawaida. Kijana mmoja alipangiwa shule ya mjini yenye vitabu vya kutosha, tufe la dunia na madirisha ya vioo. Binti mmoja alipangiwa shule ya bondeni, darasa la watoto zaidi ya 90, ubao uliochubuka rangi hata chaki haikusomeka, kitabu kimoja cha kiada ambacho ni cha kwake. Wakaguzi walikwenda, wakaona, wakaandika. Kijana alipata daraja la juu. Binti alipata la chini kabisa linaloruhusu kufaulu.

Kwenye kikao palizuka mabishano. Wengine walisema aongezewe alama kwa ajili ya mazingira magumu. Wengine walisema alama hutolewa kwa kilichoonekana, wala huruma haina safu kwenye fomu. Mimi nilikataa yote mawili. Kumwongezea ni kusema chombo ndicho kilichokosa, na hatukuwa na ushahidi huo; kumwacha ni kusema yeye ndiye aliyekosa, na huo pia hatukuwa nao. Nilipendekeza wabadilishane vituo kwa juma moja lililobaki, kisha wakaguliwe tena. Lori la chuo halikuwa na mafuta, na idara iliyohusika ilijibu kwamba mafuta hayatapatikana kabla ya muhula kufungwa. Alama zikabaki zilivyo.

Binti yule alikuja ofisini kuchukua karatasi zake. Aliamkia kwa adabu, akasoma, akazikunja. Kisha akaniuliza, “Mkuu, mlijuaje kwamba ni mimi?”

Nilimwambia kwamba hatukujua. Nilimweleza pendekezo nililotoa na jinsi lilivyoshindikana, na kwamba nitaandika barua ya kuambatanishwa na faili lake, na niliiandika siku ileile. Mwaka uliofuata nilipanga kila mwanachuo apitie vituo viwili, kimoja chenye vifaa na kingine kisicho navyo, majuma matatu kwa kila kituo, kabla mtu hajaandika alama yoyote. Tuliweza kwa wale waliokuwa karibu na barabara kuu. Mwaka 1988 lori liliharibika Machi, na mpango ukaishia hapo.